Chupa Iliyorudi Imejaa: Wasifu wa Marehemu Eufrasia Maganga (1981–2025)

Siku ya kwanza kukutana na marehemu Eufrasia Maganga, alininyima biashara. Ilikuwa Mei 2012, Mwakitolyo. Mimi, Januari Luhende, nilikuwa na maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, na vijana kumi na wanane wanaolalamika migongo. Nilitaka katoni ya tramadoli, vile vidonge vya maumivu ambavyo wachimbaji humeza ili wasisikie kuchoka. Niliingia dukani kwake nikijua bei ndiyo itakayoongea.

"Cheti cha daktari kiko wapi?" aliuliza.

"Dada, leseni si hiyo hapo ukutani? Agiza mjini, nitakulipa mara mbili."

"Leseni hii ni ya duka la dawa muhimu. Hicho unachotaka hakiruhusiwi hata kulala kwenye rafu yangu. Nikupe panadoli?"

Nilinunua panadoli.

Eufrasia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981 Mhunze, wilayani Kishapu, akiwa mtoto wa nne wa mzee Maganga, ambaye sasa ni marehemu, na mama Martina, wakulima wa pamba na wafugaji. Alimaliza darasa la saba mwaka 1996 na kidato cha nne mwaka 2000. Alisomea uhudumu wa afya kwa mwaka mmoja, akafanya kazi katika zahanati huko huko Kishapu hadi 2009. Baadaye alipata mafunzo ya watoa dawa, na mwaka 2010 akafungua duka lake Mwakitolyo.

Juu ya kaunta alitundika kipande cha boksi alichokiandika mwenyewe: "Hapa hatuuzi nguvu, tunauza dawa." Wachimbaji walimwita Mama Kataa, naye akaitika. Miaka michache baadaye vidonge vile vilipobanwa zaidi na wakaguzi wakapita, majirani zake wawili walifungiwa maduka. Kwake wakaguzi walimaliza kwa robo saa, akawapa maji ya kunywa, wakaondoka. Alinieleza kwamba serikali huzipanga dawa kwa kuangalia madhara yake: nyingine anauziwa yeyote, nyingine kwa cheti tu, na nyingine hukaa kwenye kabati lenye kufuli, na kila tone huandikwa daftarini. Nikamwambia yote hayo ni mbinu ya kupandisha bei. Alicheka hadi akashika kaunta.

Tarehe 12 Julai 2014 alifunga ndoa na mdogo wangu, Masalu, kanisani Ngokolo. Mimi ndiye niliyepeleka maneno ya mahari. Kwao walitaja ng'ombe kumi na watano, nikawashusha hadi kumi na mmoja. Siku ya harusi alininong'oneza: "Shemeji, umenipunguza ng'ombe wanne. Ukija dukani hutapunguziwa hata panadoli." Na kweli, hakunipunguzia hadi mwisho. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nelly na Edson.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alipata mionzi Mwanza, akarudi na nafuu. Machi mwaka huu ikaonekana ugonjwa umesambaa, akaandikiwa mofini ya maji ya kutuliza maumivu. Dawa hiyo sheria inaitaja katika orodha moja na heroini na bangi, kwa hiyo hukaa kwenye lile kabati alilokuwa akinieleza. Alipewa chupa moja ya wiki moja, na kila Alhamisi mmoja wetu alipeleka kadi yake hospitalini mjini kuchukua nyingine. Akinywa, aliweza kukaa akamsuka Nelly nywele. Asipokunywa, aling'ata kanga.

Alhamisi ya tarehe 21 Agosti zamu ilikuwa yangu. Chupa ya nyumbani ilikuwa imeisha asubuhi hiyo. Dirishani nilikuta foleni, na kuna mtu alikuwa akinisubiri na mzigo wa dhahabu. Nikazunguka mlango wa pembeni, nikaweka bahasha mbele ya mtoa dawa, dada Zakia.

"Nipe za mwezi mzima, tusisumbuane kila wiki."

"Baba, hii inahesabiwa kwa mililita. Kaa foleni, utafikiwa."

Nilidhani anaongeza bei. Nikaongeza bahasha ya pili. Akaita mlinzi.

Nililala mahabusu siku mbili, na kadi ya Eufrasia ikashikwa pamoja nami kama kielelezo. Ijumaa Masalu alishinda akizunguka kati ya polisi na hospitali. Bila kadi hapati dawa, na daktari wa kumwandikia nyingine alikuwa safarini hadi Jumatatu. Niliachiwa kwa dhamana Jumamosi mchana, nikaenda moja kwa moja kitandani kwake, nikamweleza yote.

"Foleni ilikuwa ya watu wangapi, shemeji?"

"Wanane."

Maumivu yakamshika. Alisubiri yapite ndipo akasema, "Wanane tu." Kisha akatuagiza: "Chupa ikija nami sipo, irudisheni. Msiwaachie wachimbaji."

Jumatatu tarehe 25 Agosti, saa mbili na nusu asubuhi, Masalu alikabidhiwa chupa. Eufrasia alifariki saa tatu kasoro, mumewe akiwa bado njiani.

Jana asubuhi, hapa hapa msibani, Fredy, mwenye maduara kama mimi, alinipa pole, kisha akanivuta pembeni. "Kaka, ile chupa mliyobaki nayo. Vijana wangu wanaumwa. Taja bei."

"Cheti cha daktari kiko wapi?" nikamuuliza.

Akadhani naongeza bei.

Jana hiyo hiyo mchana niliirudisha. Nilikaa foleni, watu kumi na wawili. Dada Zakia aliipima, akaandika daftarini kwamba imerudi imejaa. Mimi nilitaka kuokoa saa mbili za foleni, na Eufrasia akazilipia kwa siku nne. Katika biashara zangu zote hakuna niliyoifanya vibaya kama hii, na aliyepata hasara si mimi.

Marehemu ameacha mume, Masalu; watoto, Nelly, miaka kumi, na Edson, miaka saba; mama yake mzazi, Martina; ndugu watano; na shemeji mmoja aliyechelewa kumwelewa.

Eufrasia, Mungu akupe usingizi tuliokunyima.