Ndoo ya Mzee Kibwana

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Kibwana Mtoro anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika kituo cha utafiti wa bahari cha chuo kikuu, hapa Bagamoyo. Wafanyakazi wenzake wametuomba sisi wanafunzi wa Jumamosi tumwandikie wasifu. Wanasema sisi ndio tuliocheza naye zaidi.

Alianza mwaka 1991 akiosha chupa za maabara. Akasoma, akawa fundi sanifu. Majani ya baharini yaliyokaushwa kabatini, zaidi ya mia sita, yana vibandiko vya mwandiko wake. Pampu ya maji ya chumvi ilipoharibika, aliitengeneza kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na hadi leo inavuta.

Darasa la Jumamosi alilianzisha kwa hiari yake. Huweka mezani ndoo iliyofunikwa gunia lililoloweshwa. Halifunuliwi mpaka tuulize maswali kumi, na kutaja jina la kiumbe ni marufuku.

Siku moja tulifika swali la nane.

"Ana mifupa?"

"Hana hata mmoja."

"Mioyo je?"

"Mitatu, mwanangu. Wewe unao mmoja na bado huamki mapema."

Najim akanyoosha mkono. "Babu, yumo kweli humo ndani?"

"Nyie watoto mna maneno! Atakwenda wapi?"

Akafunua. Maji matupu. Hapo tukasikia kelele mlangoni: Dokta Habiba, mkuu wa kituo, alikuwa amevaa buti lake la mvua, na pweza alikuwa amelivaa kabla yake.

Mzee Kibwana alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaandika ubaoni kosa lake mwenyewe, kwamba alijibu maswali tisa bila kuchungulia, akatuambia nasi tuliandike daftarini.

Tangu tusikie anarudi Lugoba kulima, jambo moja limetusumbua: nani atatufungulia mlango Jumamosi? Tulikwenda kwa Dokta Habiba, tukamwamkia, tukamuuliza. Alijibu kwa upole kwamba hana mtu wa kufundisha siku hiyo.

"Unao ishirini na mmoja, Dokta," Mzee Kibwana, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akasema, akitunyooshea kidole. "Wape zamu. Wewe kaa tu, uchunge mabuti yako."

Dokta akacheka, lakini hakukubali palepale. Alifikiri wiki mbili nzima. Juzi alituita: tujaribu hadi Desemba, naye atakaa nasi.

Zamu ya kwanza ni ya Maulida, na hataki kabisa kutuambia ataleta nini. Mzee Kibwana ameahidi kuja kwa basi na kunyoosha mkono kama sisi.

Asante, Babu, kwa kila Jumamosi. Mungu akupe afya na mvua ya kutosha shambani. Na siku hiyo uwahi, maana viti vya mbele vinajaa mapema, na Maulida amesema hapendelei mtu.