Kilichomfikisha Bibi Raheli Tisini na Saba

Asubuhi hiyo, kwenye kijiwe cha Swedi muuza kahawa pale Majengo, Dodoma, Gerson alikaa katikati ya benchi kama bwana harusi. Aliyekuwa anazungumziwa ni mama yake, Bibi Raheli, miaka tisini na saba na bado anatunga uzi kwenye sindano. Gerson mwenyewe hakuwa amechangia neno. Mtu akisifiwa mama huona kasifiwa yeye, na sifa hizo zilikuwa zimemkolea kuliko kahawa.

— Asili hiyo, alisema Marko, anayeitwa Wizara kwa sababu husambaza mafaili kwenye ofisi za serikali kule Mtumba. Asili inachagua. Dhaifu inamtoa mapema, mwenye nguvu anabaki, anazaa wenye nguvu wenzake.

— Bibi kamaliza kuzaa tangu enzi hizo, alisema Swedi. Inambakiza ya nini?

— Alee wajukuu! Wajukuu wakipona, ukoo umepona. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Upwa upi, Wizara, Dodoma hii?

Damas wa Kibakwe, kijiweni wanamwita Kiangazi, aligonga benchi.

— Nyie! Mgogo kachaguliwa na njaa. Wa kufa walikufa zamani zile, sisi ni uzao wa walioishinda. Uwele na mlenda, basi! Wajukuu zetu watafika mia mbili.

— Si chakula, ni vibao vya mitaa, alisema Swedi. Zamani Israili mtoa roho alielekezwa: nyumba ya tatu kutoka kwenye mwarobaini. Siku hizi anapewa namba, anapotea.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Gerson, hebu sema wewe mwenye mama, alisema Wizara.

Gerson alijikohoza.

— Mlenda upo, na maziwa ya mgando. Lakini kubwa ni matunzo, jamani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Benchi zima likaitikia kwa heshima. Hapo akafika Arafa, mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, kununua kashata.

— Shikamooni.

— Marahaba!

Alisikiliza kidogo, kisha akamgeukia Gerson kwa nia njema kabisa.

— Hongera, baba. Na leo asubuhi bibi amekula nini?

Wenzake walimtazama Gerson, wakingoja jibu. Aibu ilimpanda hadi masikioni, maana mama yake alimwita wakati anavaa viatu, naye akajibu, “Nakuja, mama,” halafu akaja kijiweni.