Bi Mluzi na Watoto wa Mbwa Waliokataa Kuwinda

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu Bi Mluzi anastaafu. Amelitumikia shamba letu la miche kwa miaka thelathini na moja, yote katika banda la mbwa lililo nyuma ya karakana ya matrekta. Mhariri wa jarida la wafanyakazi ameniomba mimi, mpishi wa mbwa, niandike wasifu wake, kwa kuwa hakuna mwingine hapa aliyefanya kazi naye kwa muda mrefu kama mimi. Ameniomba pia niuandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Lakini nasema mapema kwamba kalamu hii nimeishika nikiwa na hasira, na Bi Mluzi ndiye mtu wa mwisho ambaye angetaka niifiche.

Kwa walioajiriwa juzi, nieleze. Sisi tunaotesha miche ya miti ya matunda, na sungura wa porini wanaipenda miche yetu kuliko wateja wanavyoipenda. Wanamenya gome la chini kuzunguka shina, na mche uliomenywa hivyo unakauka ukiwa umesimama. Sumu hatuweki, kwa sababu maji ya mitaro yetu yananywewa na watu na mifugo ya majirani. Kwa hiyo tuna mbwa, wafupi wa miguu, masikio karibu yaguse chini, ambao hufuata harufu ya sungura huku wakibweka mpaka wamwingize kwenye nyavu. Kwa aliyeketi ofisini inaonekana kazi nyepesi.

Bi Mluzi aliajiriwa kufagia. Banda wakati huo lilikuwa chini ya fundi mmoja mkali, ambaye sasa ni marehemu, aliyeamini kwamba mtoto wa mbwa asiyemkimbilia sungura siku ya kwanza ni mzigo. Aliwaondoa, na hakuna aliyeuliza walipelekwa wapi. Bi Mluzi aliuliza. Aliuliza mbele za watu, ufagio mkononi, akiwa bado hajajua hata choo cha wafanyakazi kiko wapi. Jibu alilopewa halichapishiki humu. Basi akamwomba mbwa mmoja aliyekwisha kuhukumiwa, dume aliyeitwa Waziri kwa namna alivyolala wenzake wakihangaika, akawa anamchukua kila asubuhi kabla ya zamu na kwenda naye nyuma ya chumba cha kufulia. Alikuwa na ngozi ya sungura aliyoifunga kwenye kamba. Aliiburuta kwenye nyasi zenye umande, mwendo mfupi tu, na Waziri alipoanza kunogewa yeye akaikunja na kuiweka mfukoni. Kesho yake tena hivyo hivyo, mpaka mbwa akawa anamsubiri getini kwa hamu. Waziri yule aliwinda hapa mpaka akazeeka, na fundi alipoondoka hapakuwa na mjadala nani achukue nafasi yake.

Jina la Mluzi linatokana na pengo la meno yake ya mbele. Akipiga mluzi, mbwa walio ng'ambo ya shamba wanageuka, na madereva wa matrekta nao wanageuka wakidhani wameitwa. Amewahi kufundisha mbwa jike ambaye hakupendezwa na sungura hata kidogo ila alipenda ndala za mhasibu wetu. Ukimwachia popote, mguu kwa mguu mpaka uhasibuni. Bi Mluzi hakumchapa. Alimwomba mhasibu ndala moja, akaifunga pamoja na ile ngozi ya sungura, kisha siku baada ya siku akawa anaipunguza ndala kwa kisu mpaka ikabaki ngozi peke yake. Mbwa akawa mwindaji hodari, na mhasibu akawa anavaa viatu vya kufunga kamba.

Msije mkadhani alikuwa mpole. Upole wake wote waliupata mbwa, sisi tuligawiwa mabaki. Mimi amenigombeza kwa uji wa moto, kwa uji wenye chumvi na kwa kuimba wakati mbwa wanakula. Lakini kila alichogombeza kilikuwa na sababu, na sababu yenyewe alikueleza, upende usipende. Mtoto wa mbwa akikataa kuwinda, alisema, mtazame kwanza miguuni kama ana mwiba, halafu masikioni, halafu puani. Akiwa mzima, jiulize kama umri wake umefika. Umri ukiwa umefika, uliza nani alimpigia kelele.

Sasa nifike kwenye lililonikasirisha.

Miaka miwili iliyopita mbwa wetu jike mzoefu, Sauti, alizaa watoto watano. Kunde alikuwa jike mwekundu mwenye kiherehere, Tope alikuwa na rangi ya jina lake, Pamba alikuwa mweupe na mwoga, na wengine wawili walikuwa madume wenye mabaka ambao mpaka leo nawachanganya. Walikua vizuri, wakala vizuri, na hawakutaka kabisa habari za sungura. Ukiwapeleka kwenye harufu mbichi, mmoja anakimbiza kipepeo, mwingine anajilaza kivulini. Bi Mluzi hakushtuka. Alisema hao ni watoto bado, waachwe wacheze, na wakiwa tayari watachukuliwa mmoja mmoja pamoja na mama yao.

Mwaka ule ndio mvua zilikuwa nyingi, majani yakawa mengi, na sungura nao wakawa wengi. Tukapoteza miche mistari kwa mistari. Meneja wa shamba, aliyekuwa mgeni kwetu, alitaka mbwa wote waingie kazini mara moja. Kwenye kikao Bi Mluzi alimweleza kwamba wakubwa wataingia, wadogo hapana. Meneja akatabasamu, akasema ataliangalia hilo. Sote tulidhani limekwisha.

Kisha dada yake Bi Mluzi akafanyiwa upasuaji, naye akachukua likizo kwenda kumuuguza. Hata basi lake halijafika mbali, meneja alikuja jikoni kwangu na kuniamuru niache kuwapikia wale watano. Alisema shibe ndiyo inayowafanya wavivu. Nilimkatalia. Nilimwambia mbwa mwenye njaa anatafuta jalala, hatafuti sungura. Siku hiyo hiyo nikahamishiwa kwenye kupanga masanduku, na jiko likafungwa kwa kufuli.

Aliwashindisha njaa mpaka mbavu zikaonekana. Walipozidi kukaa tu na kumtazama, akawapeleka bondeni, akawachapa kwa mpira wa maji ili waingie kichakani, na waliposita akafyatua bunduki ya kuazima juu ya vichwa vyao. Mbwa wetu hawajawahi kuwindishwa kwa bunduki. Sisi ni watu wa nyavu. Nilikuwa kwenye masanduku nilipousikia mlio ule, na baada yake sikusikia hata mbwa mmoja akibweka.

Wanne walijificha chini ya tangi la maji. Kunde alipita kwenye uwazi wa uzio, akatokea barabarani mbele ya lori. Dereva wa lori lile alishuka akilia. Meneja hakulia. Aliamuru mzoga utupwe kwenye shimo la taka, akaenda kula.

Nilimpigia simu Bi Mluzi mimi mwenyewe, kwa sababu sikutaka asikie getini. Alirudi kesho yake, hakupita nyumbani, akaingia ofisini na begi la safari begani. Mlango ulikuwa wazi na sisi tulikuwa kwenye korido, kwa hiyo hili sikuhadithiwa.

"Kunde yuko wapi?" aliuliza.

Meneja alimwomba akae kwanza. Hakukaa.

"Ni mbwa tu, mama," meneja akasema. "Tutakununulia mwingine."

"Usiniite mama. Mama yako angekufundisha kuzika."

Akatoka, akaenda kwenye shimo la taka na koleo. Tulimfuata baadhi yetu. Hakutaka kusaidiwa kumtoa, alikubali tu tumchimbie, na Kunde akazikwa kando ya banda akiwa amefungwa kwenye kitenge alichosafiri nacho Bi Mluzi. Alipomaliza alinawa mikono, akaniuliza wale wanne wamekula nini. Nikamwambia jiko limefungwa. Alikwenda akalivunja kufuli kwa koleo lile lile.

Na sasa nisikilizeni vizuri. Shamba hili lilitoa onyo kwa kitendo kile, na aliyepewa onyo ni Bi Mluzi. Kuvunja kufuli na kumkosea adabu mkubwa wake wa kazi. Aliyeshindisha njaa, aliyechapa na kufyatua bunduki hakuulizwa kitu. Mwaka ule ule picha yake ilitoka kwenye jarida hili hili kwa uongozi wenye matokeo. Nimeambiwa wasifu wa mstaafu si mahali pa kusema haya. Nataka nijue ni wapi basi, maana kwenye vikao napo tuliambiwa muda umekwisha.

Bi Mluzi alianza upya na wale wanne. Hawakutaka kutoka chini ya tangi. Mwanaume akipita na funguo zinazolia, walijikojolea. Hakuwavuta. Alileta kigoda na nyavu zilizochanika, akakaa karibu na tangi akiwa amewapa mgongo, akawa anashona. Alishona nyavu zote za shamba, zilipokwisha akazifumua baadhi akashona tena. Siku moja niliwapelekea uji nikamkuta Tope amelaza kidevu kwenye kisigino chake. Alinikonyeza nisiseme neno, na machozi yalikuwa yanamtoka huku anashona.

Kisha likaja suala la sauti ya kishindo. Aliniambia wakiwa wanakula nigonge kifuniko cha sufuria, nikiwa mbali kabisa kule karakana, mara moja tu. Walishtuka, wakaendelea kula. Kila nilipoona hawashtuki tena nilisogea kidogo. Ilichukua miezi. Watu walinicheka wakiniona nazunguka shambani na kifuniko kama niliyerukwa na akili, lakini nilifika mpaka mlangoni pa banda, nikagonga, na hakuna aliyeinua kichwa.

Hapo ndipo ile ngozi na kamba vilipotolewa, na Sauti akaanza kuchukuliwa shambani na mwanawe mmoja mmoja. Wenye mabaka walianza karibu wakati mmoja, kama kawaida yao. Tope alichelewa. Asubuhi aliyoanza nilikuwepo, nimeshika ncha ya wavu. Mama yake alikuwa mbele, ameinamisha pua, naye Tope anazubaa nyuma. Ghafla alisimama. Mkia ukakakamaa. Alinusa pale pale, akanusa tena, halafu akainua kichwa na kumtazama Bi Mluzi kama anayesubiri kupigwa. Bi Mluzi hakupiga mluzi, hakumwita. Aligeuka akatazama upande mwingine, kumwachia nafasi. Na Tope akabweka. Sauti yake ilitoka ya kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, kisha ikafunguka, akaondoka nayo kuelekea bondeni. Bi Mluzi aliketi chini kwenye matope na sketi yake ya kazi. Sungura mwenyewe alitukwepa, na hakuna aliyejali.

Pamba hakuanza kamwe. Harufu anaisikia, mnaiona pua yake ikicheza, lakini miguu inakataa. Meneja alipotaka aondolewe kwa kuwa hana faida, Bi Mluzi alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Alimwambia, "Huyu mmemharibu ninyi. Atakula hapa mpaka azeeke, na siku nikiondoka nitaondoka naye." Mkurugenzi alikubali, na Ijumaa Pamba ataondoka naye.

Mwezi uliopita ofisi ilimwuliza angependa zawadi gani ya kuagwa. Kulikuwa na pendekezo la jokofu. Alijibu kwamba jokofu analo. Alichotaka ni meneja asimame mbele ya wafanyakazi wote na aseme nani aliyemuua Kunde. Ofisi ilimbembeleza achague kitu kingine. Ikamletea picha za makochi. Akasema basi ataondoka mikono mitupu na sherehe wafanye wenyewe. Hapo wafanyakazi wa pande zote mbili za shamba, juu na bondeni, tukatuma ujumbe kwamba na sisi hatutahudhuria, na mkurugenzi akaona viti vitakavyobaki vitupu.

Jumatatu iliyopita, kwenye mkusanyiko wa asubuhi, meneja alisimama. Alikuwa amekunja shati mpaka viwikoni na hakujua pa kuiweka mikono yake. Alisema, "Kunde alikufa kwa amri yangu. Wale wengine niliwashindisha njaa mimi. Onyo lile nilipaswa kupewa mimi, na nililijua hilo siku ile ile."

Tulimgeukia Bi Mluzi. Wengi walitaka amkumbatie, iwe kama sinema, tupige makofi turudi kazini. Yeye alimtazama meneja.

"Nimesikia," alisema. Akachukua ndoo zake, akaenda kulisha mbwa.

Hakumpa msamaha, na hakuna mwenye haki ya kumdai. Mimi nimefurahi kwamba limesemwa, na bado nina hasira kwamba lilisubiri mpaka mtu anafungasha. Meneja atayasoma haya. Ayasome.

Bi Mluzi, kwa niaba ya wenzako wa bandani, karakana, masanduku na uhasibuni, asante. Asante kwa mbwa uliowasubiri mpaka wakawa tayari, na asante kwa makaripio, ambayo nimeanza kuyakumbuka kabla hujatoka. Dada yako apate nafuu kamili, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na usingizi wako wa asubuhi usikatizwe na mtu. Uishi vyema, uishi sana. Ila hasira yako usiondoke nayo yote. Tuachie kiasi hapa bandani, maana Sauti ana mimba tena.