Théogène Sebarenzi, Dereva Aliyengoja Maziwa

Kaka yetu Théogène Sebarenzi alizaliwa hapa Mushaki tarehe 4 Mei 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Damascène na Mama Emérita. Mama alisema alitembea kabla ya kutambaa. Sisi tuliomfuata hatukuwahi kumwona akimaliza chakula ameketi.

Alisoma shule ya msingi Mushaki, akaacha sekondari Masisi mwaka 1978. Hakushindwa, dawati lilimchosha. Akajifunza udereva Goma.

Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na Consolée Mukankusi, na hata katikati ya sherehe alitoka nje kusikiliza lori linapita.

Mwaka 1994 alianza kubeba mizigo kwa lori la Papa Philippe, mfanyabiashara wa Butembo mwenye depo Sake: maharage na jibini kwenda Walikale, mawese kurudi. Alikataa kuajiriwa. Walipatana safari moja moja, kwa kupeana mkono, kwa sababu vita vilikuwa njiani naye alitaka haki ya kusema hapana. Asubuhi alingoja pikipiki za maziwa kutoka Masisi, kwani zikishuka, njia ni salama. Zisiposhuka, haondoki.

“Dereva wangu mwingine akikataa, namufukuza,” Papa Philippe alifoka. “Weye nitakufukuza wapi?”

“Kamio iko yako, Papa. Roho iko yangu.”

Oktoba 2008 maziwa hayakushuka. Kaka alikataa. Papa Philippe, jibini likimharibikia, akampa usukani mwanawe Bienvenu. Lori lilichomwa karibu na Mpofi, kijana akakimbilia msituni. Aliyekwenda kumtafuta kwa miguu, bila kuombwa, ni yule yule aliyekataa kwenda. Alirudi naye mgongoni. Tulimgombeza huku tunalia.

“Ile ilikuwa muzigo,” akatujibu. “Huyu ni mutoto.”

Figo zilimlaza mwaka 2010, na kulala hakukuweza. Alfajiri aliuliza kama maziwa yameshuka. Alifariki hospitalini Goma tarehe 9 Juni 2011.

Jana Bienvenu ndiye aliyeendesha lori lililomleta nyumbani. Pale Sake, Papa Philippe alitusimamisha. Tuliudhika, jua lilikuwa linapanda.

“Tungoje maziwa,” akasema.

Tukangoja hadi pikipiki ya kwanza iliposhuka.

Ameacha mjane, Consolée; watoto wake Archange na Kétsia; sisi dada zake, Uwizeye na Uwamwezi; na Bienvenu, aliyeomba jina lake lisomwe pamoja na majina ya watoto. Bwana ampe kaka yetu pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujua kujipa.