Huguette Colnot, Mlinda Geti Aliyemwandikia Yoana wa Arc

Baba Paroko, wanakijiji wenzangu wa Burecourt, nanyi washairi mliotoka Nancy, Metz na Brussels kuja kumsindikiza, mimi ni Hervé Colnot, mwana wa marehemu, na kabla hatujamtoa humu kanisani kumpeleka alikolazwa baba yangu, naomba mnisikilize niwasomee maisha yake, nikikosea mahali mnisamehe, maana sehemu kubwa ya haya nimeambiwa na watu wengine.

Marehemu mama yetu Huguette alizaliwa tarehe 27 Februari 1937 katika nyumba ya geti la reli namba 41, kilomita mbili nje ya kijiji hiki, kati ya reli na Mto Meuse, akiwa mtoto pekee wa Anselme Vautrin, fundi wa njia ya reli, na Léonie, mlinda geti aliyefunga barabara kila treni ilipopita, na kwa kuwa baba yake alichukuliwa mateka wa vita Juni 1940 akarudi Mei 1945, mtoto huyo alikua akisikia sauti mbili tu, ya mama yake na ya kengele iliyotangaza treni, naye alipenda kusema kwamba mpaka alipotimiza miaka minane alidhani baba ni picha inayowekwa juu ya kabati.

Alianza shule ya kijiji Oktoba 1943, akamaliza Juni 1951 na cheti cha elimu ya msingi, akiwa wa kwanza katika tarafa yote kwa imla na kwa kukariri mashairi, na aliyemfundisha ni marehemu Mwalimu Clotilde Humblot, mwanamke mkali, mwenye kifua kibovu, aliyewaambia wanafunzi wake kwamba katika nchi hii hakuna mshairi asiyemwandikia Yoana wa Arc, Binti wa kwetu aliyeongoza jeshi la mfalme, lakini wengi wamemfanya sanamu ya shaba, wote wanampandisha farasi na hakuna anayemshusha akanywa maji, na siku aliposema hayo akampa Huguette daftari lenye jalada jeusi, akamwambia asiandike humo jambo asilolijua.

Tarehe 9 Mei 1954, Jumapili ya sikukuu ya Binti, paroko wa wakati ule alimchagua Huguette, msichana wa miaka kumi na saba, awe ndiye Yoana katika maandamano, akavikwa deraya ya bati iliyofungwa vifungo mgongoni, akapandishwa farasi wa kulimia wa akina Mangin, akazungushwa kijiji kizima huku watu wakitupa maua, na maandamano yalipokwisha wasichana wenzake wakakimbilia dansi, wanaume wakaingia baa, farasi akarudishwa zizini, naye akabaki uwanjani peke yake ndani ya bati lile, maana mkono wake haukufika kwenye vifungo na aliona haya kumwomba mtu, basi akatembea hivyo hivyo kilomita mbili hadi nyumbani, akasimama jikoni, mama yake akamfungua bila kuuliza, na jioni ile aliandika shairi lake la kwanza, kuhusu nani aliyekuwa akimfungua Yoana deraya vita vilipokwisha.

Tarehe 1 Septemba 1956 alirithi kazi ya mama yake ya kulinda geti, akaifanya miaka thelathini na mitatu mfululizo, mpaka tarehe 31 Desemba 1989 lilipowekwa geti la kujifunga lenyewe, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu, ng'ombe wala mkokoteni uliogongwa pale, jambo aliloliona kuwa kubwa kuliko mashairi yake yote, nayo mashairi aliyaandika kati ya treni na treni, kwa penseli, kwa sababu wino uliganda wakati wa baridi.

Alifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 6 Juni 1959 na Firmin Colnot, mfanyakazi wa machimbo ya mawe, mtu mpole asiyesoma chochote isipokuwa tangazo la mnada wa mifugo, lakini mama alipomsomea shairi jipya aliweka kijiko chini mpaka liishe, kisha akasema, "Hapo kwenye mvua ni kweli," au, "Hapo kwenye farasi umedanganya," na mama alikuwa akifuta pale alipoambiwa amedanganya, na hakuwahi tena kupata msikilizaji kama yule, kwa maana tarehe 6 Februari 1968 jiwe liliteleza machimboni likamuua baba yangu akiwa na miaka thelathini na minne, mimi nikiwa na sita.

Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 8 Oktoba 1961, na dada yangu Odette, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1964 akaishi siku tisa.

Baada ya kifo cha baba nyumba ikawa na watu wawili, mama na mimi, na kama kuna jambo ninalolikumbuka vizuri ni supu ya mkate, mvuke kwenye kioo cha dirisha, na yeye akinisomea beti zake za Yoana huku sikio lake likiwa kwenye kengele, kisha ananiambia nizisome mimi, kwa sauti, nikisimama wima, kwa kuwa shairi ambalo halijapita mdomoni mwa mtu mwingine halijui kama liko hai.

Mwaka 1978 wachapaji wadogo wa Nancy walitoa kitabu chake kimoja tu, kiitwacho *Lango*, nakala mia tatu, na humo hakuweka ushindi wa Orléans wala kutawazwa kwa mfalme, alichagua tarehe 23 Mei 1430, mbele ya mji wa Compiègne, Yoana akirudi mbio kutoka vitani na adui mgongoni, waliokuwa ndani wakavuta daraja juu na kufunga lango wakati yeye bado yuko nje, akakamatwa hapo, na alipoulizwa kwa nini kati ya siku zote alichagua hiyo, mama alijibu kwamba mambo ya panga hayajui, ila anaujua uzito wa mkono wa mtu anayefunga geti, na ubeti wa mwisho wa kitabu hicho, ambamo Yoana anazungumza na wale waliomfungia, ni huu:

*Daraja mlipovuta, nikabaki uwanjani,*
*Farasi akageuka, hana njia duniani,*
*Mliolifunga lango, nawajua, ni jirani,*
*Njaa ikiwakamata, karibuni kwangu ndani.*

Nakala mia tatu si nyingi, lakini zilipita mkono kwa mkono, washairi wakaanza kuja Burecourt kila Mei, wengine wakishuka kituo kinachofuata na kurudi kwa miguu kandokando ya reli, wakakaa jikoni kwake na kusomeana, na mshairi mmoja wa Metz, mtu mzima mwenye kofia pana, yuko hapa leo, hatakasirika nikisimulia kwamba alisoma kurasa kumi za bendera na damu, mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza Yoana alikula nini siku hiyo, yule bwana akasema hajui, mama akamwambia, "Basi nenda ukajue, halafu urudi," naye alirudi baada ya mwaka mmoja na shairi fupi la mkate uliochovywa katika divai, ambalo wanaojua wanasema ndilo bora aliloandika.

Sasa nimefika mahali ambapo ningeweza kuruka, wala desturi isingenilaumu, lakini mama alichukia beti zinazorukwa.

Mwaka 1996 kiwanda cha samani nilichofanyia kazi miaka kumi na minne kilifungwa, nikakaa nyumbani na hasira, nikajiunga na watu waliokuwa na jibu rahisi kwa hasira hiyo, kwamba wa kulaumiwa ni wageni waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya mbao vya bonde letu, na watu hao nao walimpenda Yoana, walimbeba kwenye mabango yao, wakafurahi kusikia kwamba mama yangu ni mshairi wake, wakaniomba nisome *Lango* kwenye mkutano wao wa hadhara mjini, tarehe 11 Mei 1997, sikukuu ya Binti, nikakubali, tena nilikubali na jambo lingine walilotaka, wao wakanipa maneno, mimi nikayatia katika ubeti wa mwisho, nikausoma hivi mbele ya umati, kwa sauti ile ile aliyonifundisha yeye jikoni:

*Njaa ikiwakamata, mgeni asije ndani.*

Watu walipiga makofi, nami sikujua kwamba mama yuko pale, alikuwa amekuja kwa basi kunisikiliza kwa sababu niliona fahari kumwambia kwamba nitasoma, akapanda jukwaani taratibu akiwa na mkoba wake wa sokoni, akanichukulia karatasi mkononi bila kunipokonya, akasema, na kipaza sauti kikamsikia, "Hervé, aliyeachwa nje ya lango ni yeye. Wewe umesoma ukiwa upande wa waliofunga."

Mimi nikamjibu, "Shuka, Mama. Unaniaibisha mbele ya watu."

Akanitazama kidogo, akakunja ile karatasi mara nne, akashuka, watu wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji, naye akatembea hadi kituo cha basi peke yake, na hiyo ndiyo mara ya mwisho mama yangu na mimi kusemezana, miaka ishirini na miwili na miezi kadhaa.

Watu wale niliwaacha mwaka 2003, lakini kumwacha mtu aliyekudanganya ni rahisi kuliko kurudi kwa uliyemkosea, na kila mwaka niliopoteza uliufanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi, nikahamia Épinal, na kila tarehe 8 Oktoba, siku yangu ya kuzaliwa, saa sita mchana, simu ya nyumbani kwangu ililia mara nne kisha ikanyamaza, nami nilikuwa nimesimama kando yake, na ililia hivyo hata mwaka huu.

Yeye aliendelea kuishi katika nyumba ya geti, aliyoruhusiwa kubaki nayo, reli ikaota majani, sikukuu ya Binti akaacha kwenda, mikutano ya Mei ikafifia kwa sababu alisema hana tena mtu wa kumsomea rasimu ya kwanza, akawa anaandika na kuweka drooni, madaftari arobaini na moja, na nimeambiwa kwamba kulipita majira ya baridi ambayo aliongea na watu siku ya soko tu, Alhamisi, akawa akifika sokoni sauti yake imekauka, inambidi akohoe kwanza.

Aliyemtoa katika upweke huo ni jirani aliyehamia upande wa pili wa reli mwaka 2008, Bi Nermin Aksoy, ambaye mumewe alikuja kutoka Uturuki kufanya kazi kiwanda cha mbao, yaani mmoja wa wale wageni niliowataja, siku moja Bi Nermin akabisha mlango kuomba asomewe barua ya shule ya bintiye, mama akamsomea, kisha akamwambia kwamba Yoana naye hakujua A wala B mpaka alipokuwa na miaka kumi na saba, akajifunza kuandika jina lake vitani, basi wakaanza siku ile ile, kila Jumatatu na Ijumaa, na Bi Nermin leo anaandika mashairi kwa lugha mbili, moja linamhusu Yoana akiletewa chai gerezani, nalo liko ukurasa wa mwisho wa karatasi mliyopewa mlangoni.

Tarehe 26 Oktoba mwaka huu mama alipatwa na kiharusi, Bi Nermin akamkuta sakafuni, akapelekwa hospitali, mkono wa kulia ukawa umekufa na maneno yamekatika, na tarehe 4 Novemba Bi Nermin alinipigia simu, sijui namba aliipata wapi, akaniambia, "Mama yako hawezi kusema tena, kwa hiyo huna cha kuogopa. Njoo."

Nilifika siku hiyo hiyo, nikakaa naye siku kumi na moja, nikamwomba msamaha siku ya kwanza, na sitawadanganya ndugu zangu kwamba alinijibu, macho yake yalikuwa wazi na sikuweza kujua yananiona mimi au ukuta, basi nikafanya nililolijua, nikamsomea *Lango* lote, nikisimama wima, na nilipofika ubeti wa mwisho nikausoma kama alivyouandika, mkono wake wa kushoto ukipiga mizani polepole juu ya shuka, muuguzi alisema huo ni mtukutiko wa mishipa tu, huenda ni kweli, yeye ndiye mwenye taaluma.

Alifariki dunia Ijumaa tarehe 15 Novemba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Familia, maana yake mimi, inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza na kumwosha bila kuchoka, majirani wa Burecourt mliopasha kanisa hili moto tangu alfajiri, wastaafu wa reli mliokuja na kofia zenu za kazi, washairi mliokuja na madaftari yenu, na zaidi ya wote Bi Nermin Aksoy, aliyenikabidhi juzi bahasha aliyoikuta katika droo ya madaftari, ndani yake mama ameandika nyimbo anazotaka ziimbwe, maua asiyoyataka, na mstari mmoja usemao, "Historia yangu aisome Hervé, ana sauti nzuri," na chini yake ametia sahihi na tarehe 12 Mei 1997, yaani kesho yake baada ya mkutano ule, wala hakuna mahali katika karatasi hiyo palipofutwa.

Mama, nimeisoma. Pumzika kwa amani.