Mbegu Zilizopita Chini ya Gunia la Maharage

Mheshimiwa Mkuu wa Kata ya Keshero; Baba Padri Edmond, ambaye parokia yake ilitupa kiwanja hiki; Bwana Mkurugenzi wa Kituo cha Mbegu; ndugu wataalamu mliosafiri kutoka Butembo kwa barabara mnayoijua wenyewe; wageni waalikwa; wakulima wenzangu; na ninyi wamama wa chama chetu mlioketi kule nyuma kabisa wakati viti vya mbele bado viko wazi: nawasalimu wote, kila mmoja kwa heshima yake. Na kabla sijaendelea, naomba wale wamama wasogee mbele. Nitawasubiri.

Haya, sasa tuko pamoja.

Mimi naitwa Eugénie Mapendo. Nilizaliwa kwenye vilima vya Masisi, nikalima huko mpaka vita ilipotuondoa, na leo ni mwenyekiti wa Chama cha Wamama Wakuza Mbegu. Nimepewa kazi ya kumuaga Mama Athanasie Munguakonkwa, ambaye anastaafu siku hii hii tunapofungua nyumba mpya ya mbegu. Wakubwa wake wamekwisha kusema juu ya masomo yake na kazi yake. Mimi nitasema yale niliyoyaona kwa macho, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu siku ya kwanza nilipokutana naye tuligombana.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuingia katika kituo cha zamani, kule Himbi, mjini Goma: ilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua mkubwa na chumba kimoja cha baridi. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na rafu, na juu ya rafu pakiti ndogo za karatasi inayong'aa, zimefungwa zisipitishe hewa. Katika kila pakiti kulikuwa na konzi moja au mbili za mbegu za aina moja: maharage ya kupanda juu ya miti, maharage mafupi, mtama, ulezi, mahindi ya zamani, mboga ambazo vijana wetu hawajui tena majina yake. Mama Athanasie ndiye aliyezikusanya. Alikwenda Masisi, Rutshuru na Lubero, akibisha nyumba kwa nyumba na kuuliza, "Mama, ni mbegu gani mulipewa na bibi yenu, na bado munayo?"

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu tukilima wote aina moja, ugonjwa mmoja unatosha kutumaliza wote. Na ugonjwa huo ukifika, mbegu ya kuuvumilia tutaitoa wapi, kama hakuna aliyeiweka?

Leo naisema hivyo kwa urahisi. Siku ile nilipofika Himbi nikiwa na watoto watatu na godoro moja, sikuyajua haya, na hata mtu angeniambia nisingemsikiliza.

Mnakumbuka jinsi ilivyokuwa. Vita ilikuwa imekaribia mji, kambi za wakimbizi zikavunjika, watu wakaingia Goma kwa mafungu bila kujua wanakwenda wapi. Mageti mengi ya Himbi yalikuwa yamefungwa kwa minyororo. Geti la kituo cha mbegu lilikuwa wazi, na mlinzi, Papa Moïse, alikuwa amesimama kando yake akisema, "Ingieni, ingieni, mama ndani amesema muingie." Tuliingia mpaka ua ukajaa.

Umeme ulikuwa umekatika. Jenereta ilikunguruma mpaka mazutu yakaisha, ikanyamaza. Ndipo nilipomwona Mama Athanasie kwa mara ya kwanza. Alitoka ndani, akatutazama, akatazama watoto, kisha akamwambia Papa Moïse afungue ghala. Mle ghalani kulikuwa na magunia ya maharage ya mbegu, yale ambayo kituo kiliyazidisha ili kuwagawia wakulima msimu unaofuata. Akasema, "Hizi ziko katika kila shamba, tutazipata tena. Pikeni."

Tukapika. Sijui mtu mwingine ambaye angetoa kazi ya msimu mzima kwa neno moja namna ile, na hakutaka hata tumshukuru. Alitwambia tu kwamba mawe ya jiko yasikae karibu na ukuta wa mbao.

Lakini watu tulikuwa wengi, na magunia yakaanza kupungua. Kwenye ua pakatembea habari kwamba kuna chumba kingine, chenye maharage mazuri yaliyofichwa. Wanawake wakanituma mimi, kwa sababu nina mdomo. Nikamkuta Mama Athanasie anafunga mlango wa kile chumba ili ubaridi uliobaki usitoke. Nikamwambia:

"Mama, ile iko ndani ni nini?"

"Ni mbegu."

"Ni maharagi?"

"Iko maharagi, iko mutama, iko na vingine."

"Sasa mama, batoto biko na njaa, na wewe unafungia chakula?"

Hakukasirika. Alinijibu kwamba pakiti zote za maharage zikimwagwa katika sufuria zingelisha ua ule mara moja, na baada ya hapo zisingekuwepo mahali popote. Nikamwambia mtoto wangu hajui mambo ya "mahali popote", yeye anajua tumbo lake. Waheshimiwa, sikuja hapa kusema kwamba nilikosea. Mpaka leo nasema mama mwenye mtoto mwenye njaa ana haki ya kubisha kila mlango. Mama Athanasie naye alisema vilevile. "Una haki," akaniambia. "Na mimi sitafungua." Tukasimama pale, kila mtu na haki yake.

Kisha akaniuliza, "Kwenu mulilima haragi gani?"

Nikamwambia tulilima Jicho la Kanga. Ni haragi jeusi lenye madoa meupe, linapanda juu sana, na kule juu kwetu, ambako baridi inaunguza majani ya maharage mengine, hilo linaendelea kuchanua kama halijaona kitu. Mama yangu alinipa siku ya kuolewa. Nilipokimbia, mbegu yangu ilibaki katika mtungi, na nyumba ilichomwa.

Akashika tochi, akaniingiza ndani. Akatafuta rafu kwa rafu, pakiti kwa pakiti, akinionyesha picha zilizobandikwa kwenye pakiti za yale meusi, moja moja. "Ni hili?" Hapana. "Ni hili?" Hapana. Mwisho akashusha tochi. Akasema, "Haiko. Kijijini kwenu sikufika. Barabara ilifungwa ule mwaka nilitaka kuja, nikasema nitakuja mwaka mwingine."

Nilikuwa nimekwenda pale kudai chakula. Nilijikuta nimekaa chini kwenye sakafu nikilia kwa ajili ya haragi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata kwa ajili ya nyumba. Nyumba unajenga nyingine. Lakini Jicho la Kanga ningelitoa wapi? Alikaa chini pamoja nami. Nilipotoka, wanawake wakaniuliza chumbani kuna nini. Nikawajibu kwamba mle ndani mna vitu vya mama zetu, na kwamba hakuna atakayevigusa.

Siku iliyofuata, mchana, bomu lilianguka kwenye kiwanja cha jirani. Hakuna aliyekufa uani kwetu, namshukuru Mungu. Lakini vipande vilitoboa bati la chumba cha mbegu, na jioni ile ile mvua ikanyesha. Mama Athanasie alikuwa ametwambia kwamba joto peke yake haliziui mbegu kwa haraka, linazipunguzia tu miaka. Kinachoziua ni maji. Tulihamisha pakiti zote kwa mikono, tukizipitisha kutoka mtu hadi mtu, mpaka kwenye chumba chake cha kazi. Nyingi zilikuwa nzima. Baadhi zilikuwa zimechanwa na vyuma na kuloa. Na chumba cha kazi nacho kilianza kuvuja.

Padri Edmond, ambaye yuko hapa na hapendi nimseme, alituma habari kwamba sakristia ya parokia, hapa Keshero, ina dari ya zege na ni kavu. Papa Moïse akaleta chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao ya kusukuma mizigo. Tukatia pakiti katika mabidoni ya plastiki yaliyokatwa, tukayapanga juu ya zile mbao. Lakini njiani kulikuwa na watu wenye silaha, na kila mmoja wetu alijua kwamba chukudu iliyofunikwa lazima ifunuliwe. Pakiti zinazong'aa namna ile, wangefikiri ni nini? Wangezichana zote barabarani kutafuta.

Katika ghala lilikuwa limebaki gunia moja la maharage. Lilikuwa chakula chetu cha mwisho. Nikawaambia wanawake, "Tuliweke juu. Wakitaka kitu, wachukue hilo." Sikuwalazimisha. Kisha mama mmoja, Joyeuse, mwenye mtoto mchanga mgongoni, akasimama, akashika pembe ya gunia, akasema, "Munangoja nini? Mutu mwingine ashike huku." Mama Athanasie alitukataza. Alisema hana haki ya kutuomba hilo. Joyeuse akamjibu, "Mama, haujaomba."

Tulitembea mimi, Mama Athanasie na Papa Moïse. Wale wenye silaha walitusimamisha kabla hatujafika Keshero.

"Mumebeba nini?"

"Maharagi," Mama Athanasie akasema.

Wakatoboa gunia, maharage yakamwagika. Mmoja wao akalibeba begani. Mwingine akapiga bidoni moja kwa mguu, akauliza, "Na huku chini?" Mama Athanasie akasema, "Mbegu za mashamba." Alisema kweli tupu, kwa sauti ile ile anayotumia kuwafundisha wakulima. Yule mtu alitutazama, akatazama wenzake wakiondoka na gunia, akaona atabaki nyuma. Akawafuata.

Papa Moïse alisukuma chukudu ile kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona. Mama Athanasie alitembea wima mpaka ndani ya sakristia. Kule Himbi, wanawake na watoto walikunywa uji mwepesi siku ile, na kesho yake pia, mpaka parokia ilipopata cha kuwapelekea. Ninataka jambo hili lisikike vizuri, kwa sababu leo tunawapongeza wataalamu: mbegu hizi zililipiwa pia na wale waliokunywa uji.

Zile zilizoloa zilikuwa zimeanza kuvimba, hazikuweza kuhifadhiwa tena. Mama Athanasie alisema ama zipandwe sasa ama zioze. Basi tukazipanda nyuma ya kanisa, katika udongo mchache uliopo kati ya mawe ya volkano, tukabeba maji ya ziwa kuzimwagilia. Nyingi ziliota, zikazaa, na watoto wake wamo katika nyumba hii. Nyingine hazikuota. Mtama mmoja wa Rutshuru, ambao hatukuwa na pakiti yake nyingine, umekwisha. Nimeusema kwa sababu Mama Athanasie hapendi sherehe inayotaja zilizopona tu.

Na Jicho la Kanga? Barabara ilipofunguka kidogo, mimi na yeye tulilitafuta sokoni Sake, tukalitafuta Masisi. Huko Kalengera mama mmoja alitupa haragi jeusi la madoa, nikapiga vigelegele pale pale. Tukalipanda. Lilipochanua, maua yalikuwa meupe. Ya kwetu ni ya zambarau. Nililia mara ya pili. Mama Athanasie aliliweka katika pakiti kwa jina la Kalengera, akasema nalo lina wenyewe. Basi nawauliza ninyi mlioketi hapa: mkiliona popote, mtuletee, hata punje chache.

Kutokana na yote hayo, Mama Athanasie alikataa kabisa mbegu zote zikae tena chini ya paa moja. Ndiyo maana nyumba hii ya Keshero ina wenzake. Kila aina iliyo hapa ina fungu lake Butembo, na fungu jingine mikononi mwa wamama wa chama chetu, ambao wanaipanda, wanaivuna na kuirudisha ikiwa mpya. Wapo waliomwambia kwamba wakulima watazila. Aliwajibu kwamba anawajua wakulima hao.

Mama Athanasie, wiki iliyopita nilikuuliza utafanya nini nyumbani. Ukaniambia, "Nitakula maharagi. Tangu nianze hii kazi sijakula sahani moja bila kuchagua punje kwanza niangalie ni ya wapi. Nataka kula tu, kama watu." Wamama wamekusikia. Tangu asubuhi sufuria ziko motoni pale nyuma, na tumechanganya aina nyingi makusudi, ili usijue uanzie wapi kuzipanga. Utakaa, utapakuliwa, na leo hakuna atakayekuuliza jina la haragi lolote.

Waheshimiwa, wageni na ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Mama, karibu mezani. Chakula ni chako.