Sufuria Moja, Damu Mbili

Mbele yangu kwenye basi walikaa mama mmoja na mke wa mwanawe, mjamzito, wakitoka kliniki. “Wewe na wifi yako nyote mna mimba, mnakula sufuria moja, mnameza vidonge vilevile vya kuongeza damu,” alisema mama. “Mwenzako damu imepanda, yako iko chini. Vidonge vyako unavitupa.”

“Mama, si kila siku unaniambia nifungue mdomo, unakagua mpaka chini ya ulimi?”

Mama alikohoa. Mimi nami, bila sababu, nikafunga mdomo.

“Nesi kasema huenda nimerithi. Wengine mwili haufyonzi vizuri madini ya chuma, hata wale vipi.”

“Kwetu hakuna mambo hayo.”

“Kwetu yapo. Na mjukuu wako nusu ni wa kwetu.”

Basi liliposimama, mama alikuwa bado analitazama lile tumbo, kama mtu anayetafuta mpaka umepita wapi.